Maswali ya Wasomaji: Moshi, Vumbi na Kelele za Bandarini

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wanaoishi karibu na bandari ya Mombasa watuandikie kuhusu kero za viwanda, magodauni na yadi za makontena. Barua nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti, nazo tumeziunganisha. Majina ya waandishi, ya kampuni na ya ofisi wanazozilalamikia tumeyaacha nje.

SWALI: Assalaam aleikum, Mshauri. Naishi Changamwe na familia yangu, karibu na yadi inayohifadhi klinka (malighafi ya saruji) na shehena nyingine kavu zinazoshushwa melini. Malori yakipakia, vumbi hutufuata mpaka vitandani, na mvua ikinyesha huganda kwenye mifereji ya mabati mpaka tukaibandua kwa patasi. Nimekwenda ofisi moja nikaambiwa jambo hilo si lao, niende ya pili. Ya pili ikanituma ya tatu. Ya tatu ikanirudisha kwa ile ya kwanza. Mwenye wajibu hasa ni nani? *Mkazi wa Changamwe*

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yetu. Kuzungushwa huko kuna chanzo chake, na si uzembe peke yake. Sheria za Kenya zimeligawa jukumu la kudhibiti uchafuzi baina ya ofisi kadhaa, kila moja ikapewa kipande chake, na asiyetaka kazi hupata urahisi wa kuonyesha kipande cha mwenziwe.

Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, iliyoundwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, ndiyo inayotoa leseni baada ya tathmini ya athari za mazingira, ndiyo inayosimamia moshi wa viwanda, majitaka na taka zenye sumu, na wakaguzi wake wana uwezo wa kuingia kiwandani na kuchukua hatua dhidi ya mwenye kukiuka masharti. Wakati huohuo, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti udhibiti wa uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyinginezo za umma. Juu ya hayo ipo Sheria ya Afya ya Umma, ambayo ni ya zamani kuliko zote hizi lakini bado ina meno, kwa kuwa inamwezesha afisa wa afya kumwandikia mwenye jengo notisi ya kuondoa kero, na harufu mbaya au moshi wa kiwanda unaodhuru watu vimetajwa waziwazi miongoni mwa kero hizo. Ndani ya ua wa bandari mwenye nyumba ni Halmashauri ya Bandari (KPA); yanayotoka melini ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Baharini (KMA); na maghala ya mafuta, kama yale ya Shimanzi na Kipevu, yako pia chini ya mamlaka inayodhibiti kawi na petroli (EPRA).

Kwa yadi ya mtu binafsi iliyo nje ya ua wa bandari, kama hiyo ya kwenu, wenye wajibu ni NEMA na serikali ya kaunti kwa pamoja, wala mmoja hawezi kujitoa kwa kumtaja mwenziwe. Kwa hiyo usiende tena kwa mdomo. Andika barua moja tu, iwe na anwani za wote wawili juu yake, ili kila mmoja aone kwamba mwenziwe ameipata. Eleza mahali ilipo yadi, shughuli inayofanyika, saa zake, na madhara mnayoyapata; taja unachotaka, kwa mfano kwamba shehena ifunikwe, ardhi inyunyiziwe maji, na malori yasitoke bila maturubai. Peleka nakala tatu kwa mkono na usiondoke kabla nakala yako haijagongwa muhuri wenye tarehe. Muhuri huo una kazi kubwa kuliko maneno yote yaliyo juu yake, nami nitaeleza sababu katika jibu linalofuata.

Pamoja na barua, wekeni daftari. Mtu akiandika kwamba "vumbi ni jingi kila siku", mkaguzi hana la kufanya nalo. Mtu akiandika kwamba Jumanne saa tatu asubuhi malori yalipakia bila turubai, upepo ukiwa wa kusi, na kitambaa cheupe kilichopitishwa kwenye dirisha la jikoni kikatoka cha kijivu, hapo pana jambo la kuchunguza. Msisahau upepo. Nyumba inayomezwa na vumbi wakati wa kusi yaweza kuwa safi kabisa wakati wa kaskazi, na mkaguzi akija Januari kuangalia malalamiko ya Julai ataandika kwa moyo mweupe kwamba hakuona kitu. Daftari likionyesha misimu, mnaweza kumwomba aje wakati unaofaa, na asipokuja mna la kuuliza.

Mna haki pia ya kuona karatasi za yadi yenyewe: leseni yake, masharti yaliyomo, na ripoti za ukaguzi wa mazingira ambazo mwenye shughuli hutakiwa kuziwasilisha. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la namna hiyo ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 iwapo habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ofisi ikinyamaza, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko dhidi yake bila malipo. Ipo pia Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira, ambayo inaweza kuchunguza hata malalamiko dhidi ya NEMA yenyewe. Wananchi wengi hawajui kwamba ipo.

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, sisi ni kikundi cha akina mama wa Mikindani. Tunaambiwa kwamba bila barua ya daktari inayothibitisha kwamba moshi ndio uliotuletea maradhi, hatuna kesi. Je, ni kweli? Na kwa nini mnatusisitizia barua na mihuri, hali tunajua haziwasogezi wakubwa? *Akina mama wa Mikindani*

JIBU: Si kweli, mama zetu. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 70 inasema kwamba anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo hahitaji kuonyesha kwamba kuna mtu yeyote aliyepata hasara au kuumia. Mahakama ya Mazingira na Ardhi inaweza kuamuru kitendo kisimamishwe, au ofisi ya serikali itimize wajibu wake, kabla mtoto hata mmoja hajalazwa. Barua ya daktari huhitajika zaidi pale mnapodai fidia, kwa sababu hapo mahakama hutaka kujua nani aliumia, kwa kiasi gani, na kwa sababu gani. Hayo ni madai mawili tofauti, na anayewachanganyia anawakatisha tamaa bure.

Kuhusu mihuri, jibu limo katika mtaa wenu wenyewe. Owino Uhuru iko hapo Mikindani, na ukuta tu ndio uliotenganisha nyumba za watu na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Moshi uliingia majumbani na maji yenye tindikali yakatiririka mtaani. Phyllis Omido, aliyeajiriwa katika kiwanda hicho mwaka 2009, aligundua kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na risasi mwilini, akaacha kazi na kuanza kuwapigania majirani. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya Mazingira. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2016 shirika lake pamoja na baadhi ya wakazi walifungua kesi kwa niaba ya mtaa mzima.

Hukumu ilitolewa mjini Mombasa tarehe 16 Julai 2020. Mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na udongo na maji yasafishwe katika muda wa miezi minne, la sivyo zilipwe shilingi milioni 700 za kazi hiyo. Ila kinachostahili kusomwa kwa makini ni jinsi mzigo ulivyogawanywa. Kampuni ya kiwanda ilibebeshwa asilimia 25 na kampuni iliyokuwa na ardhi asilimia 5. NEMA ilibebeshwa asilimia 40. Wizara ya Mazingira, Wizara ya Afya na mamlaka inayosimamia maeneo ya viwanda vya kuuza nje zikapewa asilimia 10 kila moja. Kwa hesabu hiyo, asilimia 70 ya kosa ilikuwa ya wale waliotakiwa kulinda watu, na asilimia 30 tu ndiyo ya wale waliochafua.

Hapo ndipo muhuri unapopata thamani yake. Ofisi huhukumiwa kwa lile iliyolijua na isilitende, na ushahidi kwamba ilijua ni karatasi iliyopokelewa kwake siku fulani. Kiongozi anayewasikiliza barazani na kuwaahidi mambo anaweza kusema baadaye kwamba hakuambiwa. Barua iliyogongwa muhuri haimpi nafasi hiyo, na mwanasheria wa ofisi anaifahamu hukumu ya Owino Uhuru vizuri kuliko sisi. Kwangu mimi, hili ndilo funzo la kesi ile ambalo magazeti yaliyoshangilia mabilioni hayakulitilia maanani.

Lazima niwaambie pia upande wa pili. NEMA ilikata rufaa. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia ile na kuagiza suala hilo lirudi kusikilizwa upya, na ikawa mpaka Desemba 2024 ndipo Mahakama ya Juu ilipourudisha uamuzi wa mwanzo. Mtoto aliyezaliwa mwaka kesi ilipofunguliwa alikuwa na miaka minane ilipokwisha. Kwa hiyo anzeni na amri za kusimamisha na kurekebisha, ambazo zaweza kupatikana mapema, na fidia ifuate nyuma. Na kama shughuli inahusu risasi, wapelekeni watoto wapimwe damu sasa, msingoje kesi: Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na athari zake kwa akili ya mtoto hazirudi nyuma.

SWALI: Meneja wa kiwanda kilicho jirani nasi alituambia mbele ya mzee wa mtaa: "Nyinyi mlitukuta hapa, na hapa ni eneo la viwanda. Asiyependa ahame." Je, sheria iko upande wake? *Msomaji, Jomvu*

JIBU: Kwa sehemu ya kwanza hapana, na kwa sehemu ya pili inategemea.

Kanuni za kero ambazo mahakama zetu zimezirithi kutoka Uingereza haziutambui utetezi wa "mlitukuta". Mwaka 1879, katika kesi ya Sturges dhidi ya Bridgman mjini London, mtengenezaji wa peremende alikuwa ametwanga kwa vinu vyake zaidi ya miaka 20 bila ugomvi, mpaka jirani yake daktari alipojenga chumba cha kupimia wagonjwa ukutani mwake. Daktari alishinda. Katika kesi hiyohiyo, hata hivyo, mahakama ilisema kwamba mahali huzingatiwa: yanayohesabiwa kuwa kero katika mtaa wa matajiri huenda yasihesabiwe hivyo Bermondsey, mtaa wa watengenezaji wa ngozi. Maneno hayo hayanipendezi, maana yanamfanya maskini kuwa na pua ngumu zaidi kwa amri ya jaji, lakini ndiyo sheria ilivyo, na anayeishi Jomvu hatadai utulivu wa Nyali.

Ila kuna mpaka, na mpaka huo ndio utakaowasaidia. Mwaka 1865, katika kesi ya bwana mmoja aitwaye Tipping dhidi ya kiwanda cha kuyeyushia shaba huko St Helens, moshi ulikuwa umekausha miti yake, na kiwanda kikajitetea kwamba eneo zima ni la viwanda. Majaji wakuu wa Uingereza walikataa: hoja ya mahali hutumika katika usumbufu wa harufu na kelele, haitumiki pale mali ya mtu inapoharibiwa kwa kweli. Kwa hiyo, mkizungumza habari za harufu pekee, meneja atakuwa na la kujibu. Mkionyesha mabati yaliyotoboka kabla ya wakati wake, mimea iliyoungua na rangi ya gari iliyobabuka, hana. Pigeni picha, wekeni risiti za mabati, na andikeni mwaka yalipoezekwa.

Na Katiba ya 2010, iliyo juu ya kesi zote hizi, haikuandika kwamba haki ya mazingira safi inakoma penye geti la eneo la viwanda.

SWALI: Forklifti na winchi za yadi ya makontena hufanya kazi usiku kucha, na kontena likitua juu ya jingine nyumba hutikisika. Kelele za kiwango gani zinaruhusiwa? Naweza kupima kwa simu? *Baba wa watoto wanne, Miritini*

JIBU: Kanuni za kelele za mwaka 2009 zimeweka kikomo cha desibeli 50 nje ya nyumba mchana katika eneo la makazi, na 35 usiku; katika makazi yaliyochanganyika na biashara, mchana ni 55, na usiku ni 35 vilevile. Usiku kwa mujibu wa kanuni hizo huanza saa mbili jioni na kumalizika saa kumi na mbili asubuhi.

Kipimo cha simu kinafaa kwa daftari lako, hakifai kwa mahakama; kinachotakiwa huko ni kifaa kilichokaguliwa na mtu mwenye ujuzi. Zingatia mambo mawili. Vikomo hivyo ni wastani wa saa nyingi, kwa hiyo kishindo cha kontena kinaweza kuzama katika wastani, na ni vyema ueleze idadi ya vishindo na saa zake pamoja na kipimo. Tena, desibeli 35 ni kiwango cha chini mno: malori ya barabara ya Magongo peke yake hukipita. Mwenye yadi atasema kelele ni za barabarani. Basi ombeni kipimo kifanywe mara mbili, yadi ikifanya kazi na ikiwa imesimama, tofauti ionekane. Malalamiko haya yaanzie kaunti.

SWALI: Naandika kutoka upande wa pili. Ninasimamia kituo cha makontena chenye leseni zote, nasi hulipa ada na ushuru wetu, lakini majirani wanatishia mahakama. Leseni haitukingi? *Meneja, Mombasa*

JIBU: Tunashukuru kwa barua yako, Bwana Meneja, maana wa upande wako huandika kwa nadra. Leseni inathibitisha kwamba uliruhusiwa kufanya shughuli kwa masharti. Haithibitishi kwamba masharti yanafuatwa, wala haikupi ruhusa ya kumdhuru jirani. Isome tena mpaka ukurasa wa mwisho, kwa sababu masharti ya vumbi, maji ya kunyunyizia na saa za kazi mara nyingi yamo humo, na ndiyo yatakayosomwa mahakamani. Weka getini namba ya simu inayopokewa hata usiku, na kitabu cha malalamiko chenye safu ya hatua zilizochukuliwa. Hamisha upangaji wa makontena matupu, ambao ndio wenye kishindo, uende upande ulio mbali na nyumba, na ufanyike mchana. Gharama zake ni ndogo ukilinganisha na za wakili.

SWALI: Tumeona tangazo gazetini kwamba kiwanda kipya kinataka kujengwa kando ya mtaa wetu. Tungoje kianze ndipo tulalamike? *Kijana wa Port Reitz*

JIBU: Msingoje. Tangazo hilo linawaalika mtoe maoni juu ya ripoti ya athari za mazingira ndani ya muda uliotajwa humo. Andikeni, na ombeni mkutano wa hadhara. Leseni ikitolewa nanyi hamkuridhika, rufaa hupelekwa kwa Baraza la Kitaifa la Mazingira, ambalo ni mahakama maalumu ya masuala haya, katika siku 60. Siku hizo huhesabiwa kwa ukali. Mahakama zimewahi kuwarudisha watu waliolipita Baraza hilo, ingawa mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba kuwapo kwa njia nyingine hakumfungii mtu mlango wa kudai haki yake ya kikatiba.

SWALI: Moshi mweusi wa meli zilizotia nanga gatini, nao unalalamikiwa wapi? *Mkazi wa Likoni*

JIBU: KMA, na nakala kwa KPA. Andika jina la meli lililo ubavuni, tarehe na saa. Tangu tarehe 1 Januari 2020 mafuta ya meli duniani hayatakiwi kuzidi asilimia 0.50 ya salfa, kutoka 3.50 ya awali, isipokuwa meli yenye mtambo wa kusafisha moshi wake. Wahini upesi, kwa kuwa meli haikai.

SWALI: Mume wangu anafanya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha vyuma. Anarudi nyumbani na ovaroli imejaa masizi, na watoto humkimbilia. Nikilalamika atafukuzwa kazi, na ndiye anayetulisha. Nifanye nini? *Mama wa watoto wadogo, Changamwe*

JIBU: Mama, si lazima jina lako wala la mumeo litajwe. Ibara ya 70 inamruhusu mtu yeyote kufungua shauri, na kundi la wakazi au shirika laweza kusimama kwa niaba ya wote, kama ilivyokuwa Owino Uhuru. Kuhusu usalama wake yeye kazini, ofisi inayohusika ni kurugenzi ya usalama na afya kazini, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007; iombeni ifanye ukaguzi wa kiwanda kizima, bila kutaja malalamiko ya mfanyakazi mmoja.

Nyumbani anza leo. Ovaroli ibaki kazini ikiwezekana. Isipowezekana, aivulie nje ya mlango na iingie moja kwa moja katika mfuko uliofungwa, ifuliwe peke yake katika beseni lisilotumika kwa nguo za watoto, na maji yake yasimwagwe uani wanakochezea. Viatu vikae nje. Aoge na kuosha nywele kabla hajambeba mtoto. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji, isifagiliwe kavu, kwa sababu ufagio hulirusha vumbi hewani. Kisha wapeleke watoto hospitali, uanze na mdogo kuliko wote, na umweleze daktari waziwazi kazi anayoifanya baba yao, kwa sababu kipimo cha risasi katika damu hakifanywi bila kuombwa.